Kasi Ni ya Nani, Joto Ni la Nani?

Ukinunua prosesa, kwenye boksi kuna namba. Wacha tuseme gigahezi 4. Watu wengi huisoma kama mwisho wa uwezo, kama kasi ya juu kabisa ya nduthi. Sivyo. Hiyo namba ni ahadi. Kiwanda kinakuambia kwamba kila chipu yenye jina hili, iwe imefungwa kwenye ofisi yenye AC au kwenye saiba ya vumbi, itafikia hapa na itabaki hapa kwa miaka. Ili ahadi isivunjike, kiwanda huacha nafasi. Chipu nyingi zingeweza kukimbia kuliko namba yao. Zimeambiwa tu zitulie.

Kuovakloki ni kuingia kwenye hiyo nafasi. Unawasha mashine, unaingia BIOS kabla Windows haijaamka, unapandisha kizidishi: 40 inakuwa 42, 42 inakuwa 44. Mahali fulani mashine inagoma. Inazima, au inakuonyesha ile skrini ya buluu. Sababu ni rahisi. Transista ni swichi, na kila swichi inahitaji muda kidogo wa kugeuka. Ukiiharakisha mno, inasomwa kabla haijamaliza kugeuka, na palipopaswa kuwa moja panasomwa sifuri. Dawa yake ni volti. Ukiongeza volti, swichi zinageuka upesi na mashine inatulia. Halafu joto linapanda.

Hesabu ya joto ni fupi na haina huruma. Umeme unaotumiwa na transista zinapogeuka hufuata kasi mara volti, mara volti tena. Ukitoka gigahezi 4 hadi 4.4, umeongeza kasi kwa asilimia 10. Ikiwa ulilazimika kutoa volti 1.20 na kuweka 1.32, hiyo nayo ni asilimia 10. Lakini volti inahesabiwa mara mbili, kwa hivyo umeme unapanda kwa asilimia 33. Chipu iliyokuwa ikila wati 65 sasa inakula kama 86, na zote zinageuka kuwa joto ndani ya kitu kidogo kuliko kidole gumba. Umepata kumi, umelipa thelathini na tatu.

Na bili haiishii hapo. Chipu ikipata moto huvujisha umeme zaidi hata ikiwa haifanyi kazi, na umeme unaovuja ni joto lingine. Kisha kuna mahali ulipo. Kipoozeo cha kawaida hakiwezi kushusha joto chini ya hewa inayokizunguka. Mpangilio uliotulia kwenye keja ya Nairobi mwezi wa Julai unaweza kuanguka Mombasa mwezi wa Februari, chumba kikiwa na nyuzi kumi zaidi, kwa sababu zile kumi zinajiongeza karibu zote juu ya chipu. Aliyekuwa na nyuzi 82 sasa ana 92. Hajagusa chochote. Amehama tu.

Ninayaeleza haya polepole kwa sababu nadhani humu ndani kuna swali ambalo kizazi chetu tunaulizwa kila siku bila kuambiwa kwamba ni swali. Je, kitu kikiweza, ni lazima kifanye?

Tuanze na upande unaosema ndiyo, kwa sababu una hoja nzuri. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini ya megahezi 300. Kizidishi chake kilikuwa kimefungwa kwenye 4.5, lakini basi ya mfumo ingeweza kubadilishwa kwenye mazabodi. Ukiitoa 66 ukaiweka 100, ile Celeron ya watu wa kawaida ilikimbia megahezi 450, sawa na Pentium II ya bei ghali kabisa ya wakati huo. Chipu nyingi zilikubali, baadhi bila hata kuongezewa volti. Fikiria ungekuwa kijana asiye na ganji mwaka huo. Unafungua mashine ya maskini na ndani unakuta mashine ya tajiri, imefungiwa. Ungeona umetenda kosa? Mimi ningeona nimetenda haki.

Hapo ndipo kuovakloki kulipopata roho yake. Wapo wanaoshindania rekodi kwa kumwaga naitrojeni kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri juu ya prosesa, na mwishoni mwa 2022 Core i9-13900K ilivuka gigahezi 9 kwa kupozwa na heliamu. Hao ni wanamichezo, na mchezo una sheria zake. Mtu wa kawaida anaovakloki kwa sababu ameshuku kwamba aliyeandika namba kwenye boksi alikuwa akilinda soko lake. Wakati mwingine anashuku kweli. Chipu moja huuzwa kwa majina mawili na bei mbili, na kilichozitofautisha ni swichi iliyozimwa kiwandani.

Kwa hivyo siandiki kuwaambia watu watulie ndani ya namba zao. Najua namba zinavyotoka.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa namba. KCPE nilipata 400 na kitu kati ya 500, na kuanzia siku hiyo neno "uwezo" likawa jina langu la pili. Una uwezo. Huyu ana uwezo. Shule ya bweni ikaamini, harambee ikachangwa, mamangu akauza ng'ombe wa pili akiwa hajamaliza kumlilia wa kwanza. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, mjomba hakunigombeza. Alitikisa kichwa akasema, "Na ulikuwa na uwezo," kwa ile sauti watu wanayotumia matangani. Sijutii kuondoka na sijisifu pia. Lakini nimeisikia hiyo sentensi mara nyingi kiasi cha kutaka kuijua vizuri. Mjomba anaamini kwamba nafasi iliyoachwa bila kutumika ni mali iliyoibwa. Mtu aliyekuwa akifika nyuzi 60 wakati angeweza kuvumilia 95 amewaibia watu nyuzi 35.

Tatizo la kwanza la imani hiyo ni kwamba chipu hazifanani. Zinakatwa kutoka kisahani kimoja cha silikoni, zinapita mashine zilezile, zinapewa jina moja, na bado hii itafika gigahezi 5 kwa volti 1.25 na jirani yake itadai 1.40 kufika palepale. Wanaoovakloki huiita bahati nasibu ya silikoni. Hakuna chipu iliyokuwa mvivu. Ni tofauti ndogo mno za unene na usafi ambazo hakuna aliyezichagua. Kwa sababu hiyo mtu mwenye akili hachukui volti za mwenzake akazibandika kwenye mashine yake. Anapanda hatua kwa hatua, anapima, anasoma joto, anarudi nyuma.

Aristotle alilisema jambo hili kwa mfano wa chakula. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako anauliza: ikiwa mina kumi za chakula ni nyingi mno na mbili ni chache mno, je, mkufunzi ampe kila mwanamichezo sita? Anajibu hapana. Sita huenda ni chache kwa Milo, yule mwanamieleka mashuhuri, na nyingi kwa anayeanza mazoezi. Kati na kati si ya hesabu, ni ya mtu. Sisi huku tumeyageuza. Tunamtazama jamaa anayelala saa nne, ana kazi tatu na podikasti, halafu tunajiuliza kwa nini sisi tunazimika kwa mpangilio wake. Tumechukua volti za Milo.

Tatizo la pili ni kwamba joto huacha alama. Umeme ukipita kwa wingi kwenye nyaya nyembamba za ndani ya chipu, elektroni husukuma atomi za metali kidogokidogo kutoka mahali pake. Waya unakonda upande mmoja na kuvimba upande mwingine. Wahandisi wanalijua jambo hili tangu miaka ya 1960, na wanajua vinavyoliharakisha: wingi wa umeme na joto. Haliui leo. Linafanya kwamba mwakani, kufika palepale ulipokuwa, utahitaji volti zaidi kidogo, na hizo volti zitaharakisha kilekile kinachozidai. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Hii haipasuki kwa kishindo. Inapungua.

Na kuna jambo baya kuliko kupungua. Mashine inayozimika ni mashine ya kweli, imekwambia imeshindwa. Ya kuogopwa ni ile isiyozimika lakini inakosea. Imefikia ukingo wa volti zake, inaendelea kufanya kazi, feni inazunguka, kila kitu kiko poa, lakini mara moja katika mabilioni jumla inatoka si yenyewe na faili linahifadhiwa likiwa na ufa. Ndiyo maana watu hupima uthabiti kwa Prime95, programu iliyoandikwa kutafuta namba tasa kubwa. Ile programu ina hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari, kwa hivyo chipu ikidanganya, inashikwa. Lakini kazi yako ya kawaida haina majibu nyuma ya kitabu. Hakuna anayekagua.

Naona watu wengi hivyo. Hawajazimika. Wanafika kazini, wanajibu meseji, wanacheka mahali pa kucheka. Lakini wanaanza kukosea vitu ambavyo hakuna anayevipima: uvumilivu kwa mtoto, salamu kwa mamake, uaminifu kwenye jambo dogo. Tunaita hali hiyo kujituma.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike. Jamaa yangu anahariri video za harusi. Mashine yake ameiendesha miaka mitatu kwa volti za juu, na hakufanya hivyo kwa sifa. Bibi harusi anataka video Jumatano, na kurenda kwa saa sita badala ya saba, ukizidisha kwa harusi za msimu mzima, ni ada ya shule ya dadake mdogo. Mwaka jana mashine ilianza kuchoka. Kwa kasi ya kwenye boksi, ile ahadi ya kiwanda, ilikuwa inaanguka ikipewa kazi nzito. Akaiongezea volti kidogo ikasimama, akaamua aiuze ikiwa bado imesimama. Alitaka 45,000. Aliniomba nimwandikie tangazo, kwa sababu kuandika ndio kazi yangu, na akaahidi kunipa 1,500. Rent ilikuwa imebaki siku nne.

"Andika tu iko fiti," akaniambia. "Si inawaka?"

Ilikuwa inawaka. Hakuna neno la uongo kwenye "inawaka". Nilikaa na hilo tangazo jioni nzima, halafu nikaandika kwamba mashine imefanya kazi nzito kwa miaka mitatu kwa volti za juu, kwamba haiwezi tena kasi yake ya asili bila kuongezewa umeme, na kwamba ikishushwa hadi gigahezi 3.8 inatulia kabisa. Nikamwambia hilo ndilo ninaloweza kuandika, lingine atafute mtu. Alilitumia kwa hasira. Aliyenunua ni dada wa campus anayefanya mradi wake wa mwisho. Aliuliza maswali mawili, akatoa 36,000. Jamaa alinilipa changu chote, kisha akaniambia, "Umenikata elfu tisa. Mtaani hakuna anayefanya hivyo." Tunaongea bado, lakini si kama zamani.

Hoja yake si ya kupuuzwa. Mtu anayeishi kwa kinachoingia leo hana nafasi ya kuacha. Akiba ni ya aliyeshiba. Ukimwambia aendeshe mashine yake kwa upole, unamwambia dadake akae nyumbani. Ninakubali kila neno la hapo. Sioni kosa kwa mtu kuikopa kesho yake mwenyewe akijua anaikopa. Usiku aliokesha ulikuwa wake, mashine ilikuwa yake, dada ni wake.

Ninachokikataa ni ile hatua ya mwisho, pale deni linapohamishwa kwa mtu asiyejua kwamba lipo. Elfu tisa anayodai nilimkata haikuwahi kuwa yake. Ilikuwa imeshatumika, harusi moja baada ya nyingine, na ada imeshalipwa. Kama tangazo lingesema "iko fiti", yule dada angelipia kasi ambayo mtu mwingine alishaila, na angejua usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mradi.

Kwa hivyo badala ya kuuliza kama ni halali kusukuma kitu kupita namba yake, siku hizi nauliza maswali matatu. Nani anapata kasi? Nani anabeba joto? Na nani anaweza kuingia BIOS? Majibu yote yakiwa mtu mmoja, hiyo ni biashara yake. Mwache apande, atajua atakapofika. Shida huanza majibu yanapotengana.

Na yanatengana sana. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiomba volti kupita kiasi kwa sababu ya hitilafu kwenye maagizo yao ya ndani. Watu ambao hawakuwahi kugusa mpangilio wowote walikuta chipu zao zinachakaa. Kampuni ilitoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini marekebisho hayawezi kurudisha kilichokwisha kuchakaa. Hapo aliyeovaklokiwa hakuchagua na hakuambiwa. Joto lilikuwa lake na kitufe hakikuwa chake.

Weka pale kazi za mtandaoni tunazofanya usiku kwa saa za Marekani. Weka bosi anayesema sisi ni familia. Weka harambee pia, ingawa ilichangwa kwa mapenzi. Kasi ni ya mwingine, joto ni lako, na ukiuliza juu ya kushusha volti unaambiwa una uwezo. Mjomba hakuwa adui yangu. Alikuwa na namba yangu tu. Kipimajoto hakuwa nacho.

Hata viwanda vyenyewe viligonga huu ukuta. Kwa miaka mingi vilikimbizana kwa gigahezi. Mwaka 2004 Intel waliifuta Pentium 4 ya gigahezi 4 waliyokuwa wameiahidi, na mkuu wao Craig Barrett akapiga magoti kwa mzaha mbele ya hadhira kuomba radhi. Joto ndilo lililokuwa limewazuia. Badala ya kiini kimoja kinachokimbia hadi kiungue, tasnia ikageukia viini viwili, vinne, nane, kila kimoja kikienda mwendo wa wastani na kugawana kazi. Mashine unayosomea hili huenda ina kasi kuliko nyingi za wakati ule, kwa sababu watu walikubali kwamba mmoja hawezi kubeba kila kitu.

Upo pia ustadi ambao hauvumi kama kuovakloki. Kwa sababu kiwanda hutoa volti za kutosha hata chipu dhaifu kabisa, iliyo bora hupewa umeme isiouhitaji. Ukiwa na subira unaweza kushusha volti hatua kwa hatua, ukipima kila mara, na ukakuta kazi ileile inafanyika kwa kasi ileile huku joto limepungua nyuzi kumi. Hukuongeza chochote. Umeacha kujichoma bure. Nami ninaandika asubuhi tu siku hizi, kazi mbili kwa wiki badala ya nne. Kipato kimeshuka kidogo, si kwa nusu kama nilivyodhani, kwa sababu zile mbili za zamani nilikuwa nazirudia mara tatu.

Wapo watakaosoma hili wakiwa hawana pa kushuka, na siwezi kuwadanganya kwamba subira italipa rent. Ila ukilazimika kupanda, panda ukiangalia kipimo. Andika mahali uliyoitumia mashine na uliyojitumia mwenyewe. Na siku utakapomkabidhi mtu mwingine, awe mnunuzi, mwajiri au mchumba, mwambie volti ulizokuwa ukienda nazo. Ana haki ya kujua anapokea nini.